Sita Nukta Moja

Manana wa maabara hakuniangalia usoni.
Alisukuma karatasi chini ya kioo kwa kidole kimoja,
kama anayelipa deni dogo:
sita nukta moja.
"Si kisukari," akasema. "Na si salama pia.
Uko mpakani, mwalimu. Rudi baada ya miezi mitatu."

Mpakani!
Miaka thelathini na moja nimefundisha mipaka
hapa Kutaisi, kwa fimbo ndefu
na ramani iliyotoboka pale Bahari Nyeusi inapogusa nchi.
Najua mpaka si mstari.
Mpaka ni nyasi kama nyasi nyingine,
na mkulima aliyelala kwake
akaamka waya umepita kati ya nyumba na kisima.

Basi nikaliacha lipite, nikatembea.
Sokoni ilikuwa Oktoba tele:
churchkhela zinaning'inia,
jozi zilizotungwa uzini, zikachovywa uji wa zabibu.
Lamara, anayeniuzia tangu enzi za foleni za mkate,
akaninyoshea moja. Nikasema tumbo linanisumbua.
Uongo wangu wa kwanza kwa ajili ya sukari.

Chovya-chovya humaliza buyu la asali.
Sikujua buyu ni mimi.

Mama alianza hivihivi, na "kidogo tu."
Tsiala, binti wa mfinyanzi,
miguu iliyocheza harusi tatu kwa wiki moja.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikajifunza sindano
kwa kudunga chungwa, kisha paja lake.
Hadi leo sili chungwa.
Halafu kokoto ndani ya kiatu, asilolihisi kutwa nzima.
Halafu kidole.
Wageni wakiuliza, alisema kimehama.

Usiku navua soksi, nawasha taa ya simu,
nahesabu: kumi.
Nahesabu tena, kama mwalimu wa ziara
asiyeiamini orodha yake.
Kiu ikinishika: ni kiu, au ndiye?
Nikiamka saa tisa kwenda haja: ni chai, au ndiye?
Damu nzito kuliko maji, nakubali,
lakini hakuna aliyeniambia
kuwa urithi huja hata usipogawiwa.

Jumamosi aliolewa binti wa Gocha, shemeji yangu,
naye Gocha ndiye mkuu wa meza,
kifua kama kabati, pembe ya divai mkononi,
akiwaombea wafu mmoja mmoja kwa majina.
Alipofika kwa mama, ukumbi ukasimama.
Wote wakanywa hadi tone la mwisho.
Mimi nikalowesha midomo.
"Umefunga," akauliza shangazi Eteri kwa sauti ya kanisani,
"au unatuogopa?"

Nikatoka uani. Mkaki umepukutisha majani yote,
umebaki na matunda yake tu, mekundu gizani, bila haya.
Gocha akanifuata, akanipa pembe ninuse.
Chai.
Chai baridi, kavu, rangi ileile ya divai yetu.
"Miaka minne," akasema. "Yangu ilishavuka.
Usimwambie dada yako."
Akatoa mfukoni kamashine kadogo kama kiberiti,
akajidunga pale pale, chini ya taa ya choo,
na tukasubiri namba, vichwa vimegusana,
kama watoto wanaosoma barua ya watu wazima.
Tukacheka mpaka Eteri akachungulia dirishani.

Sasa jioni tunatembea, daraja la Rioni na kurudi,
yeye mbele, mimi nyuma, bila maneno mengi.
Hofu nayo inatembea. Haichoki haraka kama Gocha.
Kaki nakata vipande sita, nakula kimoja,
vitano navifunika kwa sahani.
Siku nyingine vinne.

Leo darasani Luka, anayekaa karibu na jiko,
aliuliza: mwalimu, anayeishi mpakani ni wa upande gani?
Fimbo ilikuwa hewani.
Nikamwambia, kila asubuhi anatoka
kuangalia waya uko wapi.
Kisha anapalilia mahindi.